Kinachokula Betri

Taa ya ndani ya friji haikuwaka, na Khadra akajua kabla hata hajatia mkono. Alitia mkono hivyo hivyo, maana binadamu hapendi kuamini habari mbaya kwa macho peke yake. Chupa mbili za insulini za mwanawe zilikuwa vuguvugu kama mayai yaliyotoka kwa kuku sasa hivi.

"Imekufa tena," akasema.

Mumewe, Dubow, alikuwa ameshaweka mguu mmoja nje, fimbo mkononi, akielekea kwenye mbuzi wake. Akarudi ndani, akabonyeza swichi ya taa, akaibonyeza tena. Hakukuwa na kitu.

"Jana nilizima kila kitu, Khadra. Wallahi nilizima kila kitu isipokuwa friji."

"Najua. Nilikuona."

Kwenye kitanda cha nyuma Ugbad, binti yao wa miaka kumi na mmoja, alijiinua kwa kiwiko akaomba maji. Akanywa kikombe chote bila kupumua, akakirudisha, akaomba kingine. Bibi yake, Sharifo, mama mzazi wa Dubow, akampangusa midomo kwa ncha ya shungi lake. Khadra alijaza kikombe cha pili. Kiu hiyo aliifahamu. Ilikuwa imerudi wiki ile, na kila ilipozidi, yeye alizidi kulala jicho moja wazi, akisikiliza kama friji inanguruma.

Gari walimoishi lilikuwa mojawapo ya yale ambayo Wazungu hupenda kusafiria pamoja na vitanda vyao: jiko, sinki, friji ndogo na kabati, vyote vimebanwa ndani ya bodi ya lori dogo. Dubow alilipata kwa mmisionari aliyekuwa akirudi kwao, akaliegesha kwenye ploti yao nyuma ya kichinjio, Kitengela, mahali ambapo stima ilikuwa imeahidiwa tangu uchaguzi na mwaka huo wa 2004 bado ilikuwa njiani. Nyumba ya mawe ingejengwa baadaye, mifugo ikipata bei. Watoto wa jirani waliliita nyumba ya magurudumu, na magurudumu yenyewe yalikuwa yamekaa bila upepo tangu masika. Sola moja kuukuu juu ya paa ilijaza betri mchana, na betri ilitakiwa kuifikisha friji asubuhi. Ndilo jambo dogo tu waliloliomba kutoka kwake.

Daktari wa Kajiado alikuwa amemweleza Khadra waziwazi. "Hii dawa ikishikwa na joto haiozi ukaona, mama. Inakaa vile vile kwa macho, lakini ndani imekufa. Utamdunga mtoto maji." Maneno hayo yalimkaa Khadra moyoni. Kila alipovuta dawa kwenye sindano alijiuliza kama anamdunga mwanawe uhai au maji.

Alizifunga chupa kwa kitambaa kibichi, akavuka barabara hadi dukani kwa Bedan, mwenye friji ya soda. Mwezi uliopita Bedan alikuwa amemhifadhia dawa bila maneno mengi. Siku hiyo aliziangalia chupa, akaangalia wateja wake wawili waliokuwa wakinywa chai barazani, akashusha sauti.

"Mama Ugbad, mimi sina neno. Lakini customers wameanza kuniuliza. Sindano, dawa, mtoto amekonda... Unajua vile watu wanafikiria siku hizi."

"Ni sukari, Bedan. Mtoto ana sukari."

"Mimi najua ni sukari. Wao ndio hawajui. Wataacha kununua soda."

"Nikae hapa niwaambie mmoja mmoja?"

Bedan alicheka kidogo, cheko la mtu anayetaka uondoke bila kukufukuza. Khadra alirudi na chupa zake kifuani, na wale wateja wawili walisogeza miguu kumpisha, wakaisogeza mbali kuliko ilivyohitajika. Hilo lilimuuma kuliko kunyimwa friji.

*

Ouma, fundi wa waya za magari, alikuwa na kibanda karibu na stendi na sifa ya kumtukana mwenye gari kabla ya kuliangalia gari. Alikuja saa nne na mkoba wake, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na Khadra akampenda kwa hilo.

Alipoweka mguu ndani, Sharifo alinyoosha mkono chini ya kitanda chake, akabonyeza kitu, na kisomo cha Kurani kilichokuwa kikitoka taratibu kwenye redio kaseti kando ya mto wa Ugbad kikanyamaza. Ndivyo alivyozoea. Wageni wakiingia na mazungumzo yao ya dunia, Kurani hunyamazishwa, kwa kuwa si adabu kuipigia kelele. Wakiondoka inawashwa. Toka Garissa mpaka Eastleigh, toka Eastleigh mpaka Kitengela, hakuna nyumba ya Sharifo iliyowahi kulala bila kisomo, na tangu mjukuu augue alikuwa amekiweka hapo kichwani pake, usiku na mchana, kwa sauti ndogo ya kumbembelezea usingizi. Nyumbani kisomo kilikuwa kama pumzi ya nyumba yenyewe. Hakuna aliyekisikia tena hadi kinyamaze.

Ouma alifungua boksi la fyuzi. Akachomoa moja moja, huku balbu yake ndogo ya majaribio ikining'inia kati ya betri na waya. "Kama kuna kitu kinaiba moto," alisema, "hii balbu itaniambia." Balbu haikumwambia kitu. Alirudia toka mwanzo, jasho likimtoka, maana bati la gari lilikuwa limeshashika moto wa jua.

"Mama, usiku mnatumia nini?"

"Friji. Hii taa moja mpaka tulale. Pampu ya maji, kidogo sana."

"TV?"

"Hatuna TV."

"Redio?"

"Ile ya gari iliharibika kitambo."

Ouma aliinama, akaona kisanduku cha chuma chini ya kitanda cha Sharifo, akakipiga kwa ukucha. "Na hii inveta? Hii ndio inafanya moto ya betri iwe kama ya nyumba. Hii inakula sana."

"Hiyo ilikuwa ya TV ya mmisionari," akajibu Khadra. "Sisi hatuna kitu cha kuweka hapo."

Alijibu kwa moyo safi. Chini ya kitanda cha mama mkwe si mahali pa mke wa mwana kuchungulia, na Dubow, aliyechomeka waya hapo siku waliyohamia, alikuwa ameshasahau. Sharifo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, alikuwa akihesabu tasbihi huku akiwatazama wale wawili bila kufuata. Swichi ya kisanduku ilikuwa imezimwa. Ouma akaona imezimwa, akaridhika.

Alipomaliza alikaa ngazini akawasha sigara. "Sikiza, mzee," akamwambia Dubow. "Gari yako iko sawa. Betri imezeeka, lakini hata mzee hafi kila usiku. Nikija hakuna kitu inavuta. Nikienda inavuta. Basi hiyo si gari. Hiyo ni mtu."

"Mtu gani?"

Ouma alitazama tu upande wa zizi, ambako Saning'o, mlinzi wao, alikuwa akiwamiminia mbuzi maji kwenye karai. Siku hizo kila kijana alikuwa ameanza kushika simu, stima hakuna, na betri za magari ya watu zilikuwa zimepata kazi mpya za gizani. Kila mtu Kitengela alilijua hilo.

*

Dubow hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na hofu ikikosa pa kukaa hutafuta uso wa kuuangalia. Jioni hiyo hiyo, Saning'o alipoingia zamu ya usiku, alimsimamisha mbele ya wachinjaji wawili waliokuja kuangalia mbuzi.

"Fungua mfuko."

"Mfuko ya nini?"

"Fungua tu."

Saning'o alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na alikuwa amelinda zizi lile tangu siku ya kwanza. Aliufungua mfuko polepole. Ndani mlikuwa na mkate nusu, kopo la ugoro, na simu nne, zote zimezimika.

"Nne!" akasema mchinjaji mmoja, akapiga mluzi.

"Ni za watu wa nyumbani," Saning'o akasema. "Wananituma nazipeleka kwa kinyozi, ule wa stage. Ako na stima. Asubuhi nachukua."

"Kinyozi," Dubow akasema. "Kinyozi gani, na betri yangu ndio inakufa?"

"Enda umuulize."

Khadra alikuwa mlangoni. Alitamani mumewe aende akaulize. Kibanda cha kinyozi hakikuwa mbali. Lakini wachinjaji walikuwa wakitazama, na Dubow alikuwa ameshapanda juu na kushuka kungemshinda.

"Mtoto wangu anakufa kwa sababu ya simu zenu," akasema. "Toka."

Saning'o hakupandisha sauti. Alivua tochi shingoni, akatoa ufunguo wa zizi, akaviweka vyote kwenye ngazi ya gari, karibu na miguu ya Khadra. "Sijaguza gari yako," akasema. Kisha akamwangalia Khadra. "Mama, mtoto apone." Akaenda zake na mfuko wake wazi vile vile.

Kesho yake Dubow aliuza mbuzi ambao hakuwa amepanga kuwauza, akanunua betri mpya, kubwa, yenye dhamana. Ouma aliifunga kwa mbwembwe. Friji ikanguruma usiku kucha, na usiku wa pili, na wa tatu.

"Unaona?" Dubow akamwambia mkewe. "Unaona sasa?"

Akawaambia watu wa kichinjio. Siku ya soko akawaambia wa Kajiado. Hadithi ilipofika huko ilikuwa imeongezwa chumvi: Maasai aliyekuwa akichaji simu za kijiji kizima kwa betri ya dawa ya mtoto mgonjwa. Watu walitikisa vichwa, wakasema dunia imeharibika. Khadra naye aliamini, na kuamini kulimpa usingizi. Tukiri tu kwamba ni raha kumjua adui yako kwa jina.

Betri mpya ilichelewa kufa, basi. Ilipokufa ilikufa polepole, ikaanza kuzima kabla ya alfajiri na kufufuka kidogo jua likichomoza, kiasi kwamba taa ya friji ilikuwa inawaka Khadra akiamka, na hakujua kwamba saa zilizopita dawa ilikuwa ikipata joto na kupoa, kupata joto na kupoa. Ugbad akaanza kutapika. Sharifo akaongeza sauti ya kisomo kidogo, akalaza kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, akaswali rakaa za sunna mpaka magoti yakamkataa. Adhuhuri moja Khadra aliinama kumbusu mwanawe akasikia pumzi yake inanuka kama matunda yaliyolala kwenye gunia. Alimbeba mwenyewe hadi barabarani, akipiga kelele, na pikapu ya muuza nyasi ndiyo iliyowafikisha hospitali ya Kajiado.

*

Walimwekea dripu mbili. Daktari alizichukua zile chupa za Khadra, akazitazama kwenye mwanga, akazitupa kwenye ndoo. "Hizi zimekufa, mama," akasema bila ukali, na upole wake ndio uliomfanya Khadra akae chini sakafuni. Siku mbili mtoto hakujua yuko wapi. Siku ya tatu alifumbua macho, akamwita bibi yake, akaomba uji.

Sharifo hakuwa ameondoka kitandani pale. Siku ya kwanza alikuwa amemtuma Dubow nyumbani kwa jambo moja tu, nalo ni redio kaseti. Dubow akaichomoa chini ya kitanda, akazima kisanduku, akaileta. Kikongwe aliichomeka ukutani mwenyewe, nyuma ya kitanda, na kisomo kikaanza tena, chini chini, katikati ya wodi ya watoto wa kila dini. Hakuna mama aliyelalamika. Mmoja hata aliomba mtoto wake asogezwe karibu.

Aliyelalamika ni Mbeke, nesi wa mchana, na hakuwa na ubaya. Alikuja akisukuma mashine ndogo ya kunyonya makohozi, waya mkononi.

"Shosho, samahani, toa hiyo redio. Nataka hiyo soketi."

Sharifo alimtazama kama aliyetukanwa. "Hii hapana redio," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii Kurani."

"Sawa, shosho, ni Kurani. Lakini inakula stima kama redio."

Khadra alikuwa amejiandaa kucheka kwa aibu, vile mtu hucheka mkwewe akigombana na nesi. Badala yake akageuka kuitazama ile redio. *Redio?* alikuwa ameuliza Ouma, na yeye, Khadra, aliyesoma mpaka darasa la nane, alikuwa amejibu kama kikongwe huyu, neno kwa neno, ila tu hakulitamka: hii si redio. Aliuona mkono wa Sharifo ukienda chini ya kitanda kila Ouma alipokuja. Akakumbuka na usiku, wakati Dubow anazima taa na pampu na kusema amezima kila kitu, na wote wanalala ndani ya sauti ile bila kuisikia. Akamsaidia nesi kuchomoa waya.

Dubow aliingia saa za kuwaona wagonjwa, uso wake umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu siku zile. Alimbusu binti yake, kisha akamvuta Khadra kando. "Betri haijazima hata mara moja tangu mje huku. Friji iko baridi kama Limuru. Dawa mpya ikifika itapata pa kulala."

"Ulizima kile kisanduku ulipochukua redio?"

"Nilizima. Kwa nini?"

Walitoka nje, wakasimama penye kamba za kuanikia shuka, na Khadra akamwambia. Alizungumza Kisomali cha chini sana, na huku akisema aliona uso wa mumewe ukibadilika, kwanza kwa kukataa, halafu kwa kufanya hesabu, halafu kwa kitu kingine kibaya zaidi.

"Usimwambie Hooyo," akasema, maana ndivyo alivyomwita mama yake.

"Dubow."

"Usimwambie! Unataka kumwambia nini? Kwamba Kurani ilimdhuru mtoto? Kwamba mkono wake ndio ulikuwa unaua dawa? Ni mzee, Khadra. Atakufa na hilo."

"Si Kurani. Ni kisanduku."

"Kamwambie yeye tofauti hiyo." Alipangusa uso kwa mikono miwili. "Nitamtupia hicho kisanduku, nimnunulie redio ya mawe, yenye betri zake ndogo. Mambo yameisha."

"Na Saning'o?"

Dubow alitazama zile shuka. "Nitamtumia kitu. Mbuzi."

"Utamwambia ni wa nini?"

Dubow akaanza kuelekea mlangoni. Na Khadra, ambaye alimpenda mama mkwe wake kuliko wake wengi wanavyoweza, aliona kwamba hata yeye angependa mambo yaishe hivyo. Mtoto alikuwa hai. Kikongwe angebaki na heshima yake. Mtu mmoja tu ndiye angebaki mwizi, na huyo hakuwa wa kwao. Aliifikiria sentensi hiyo ya mwisho, akajichukia, akarudi wodini akiwa ameinyamazia.

*

Siku iliyofuata aliingia mwanamke wa Kimaasai na kibuyu cha maziwa, shanga zikilia shingoni. Khadra alimtambua alipofika kitandani: Naserian, mke wa Saning'o, aliyekuwa akiuza maziwa Kajiado mjini.

"Takwenya," Naserian alimsalimia Sharifo, kama anavyosalimiwa mwanamke mwenye umri.

Sharifo aliijua salamu ile na jibu lake, maana majirani wanajifunza. Hakujibu.

"Nimesikia mtoto ako hapa," Naserian akamwambia Khadra. "Mzee amesema nikuje nimwangalie. Hii ni maziwa ya nyinyi, watu wazima. Najua yeye hawezi kunywa kila kitu."

"Asante," Khadra akasema. "Saning'o... hajambo?"

"Ako tu. Anashinda soko, anasaidia watu kupakia mbuzi. Kazi ya kulinda hakuna mtu anampatia. Wanasema huyo ni wa betri." Alisema hivyo akitazama kibuyu. "Watoto shule wanaitwa hivyo pia. Betri."

Sharifo alimvuta Khadra nguo. "Huyu si mke wa yule mwizi? Anasema nini? Mwambie aondoe maziwa yake. Mwambie mumewe alitaka kumuua mjukuu wangu, na yeye analeta maziwa!" Alisema kwa Kisomali, lakini kidole alichokinyoosha hakikuhitaji mkalimani. Wodi nzima iligeuka. Naserian aliinamisha kichwa, akaanza kufunga kizibo cha kibuyu, na bado hakuondoka. Labda alikuwa ameagizwa asiondoke kwa hasira.

Khadra alimwona mwanawe kitandani akiwatazama wote watatu. Hakupanga. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, hakuiba. Hakuna aliyeiba. Ni kile kisanduku cha chini ya kitanda chako, kinachoendesha redio. Kinakula betri. Wewe ulikuwa unakizima Ouma akija, kwa adabu, basi alikikuta kimezimwa. Nami niliulizwa nikasema hatuna redio. Ni mimi niliyeulizwa, mama. Dubow ndiye aliyekifunga. Wewe hukujua."

Ilionekana kwanza kana kwamba kikongwe hakusikia. Kisha midomo yake ikaanza kusogea, na Khadra akajua anarudi nyuma, siku baada ya siku, mtoto akizidiwa na yeye akiongeza sauti.

"Kila nilipomwombea," Sharifo akasema.

"Hapana, mama."

"Usiniambie hapana. Mimi si mtoto." Machozi yalimtoka bila sauti, yakafuata mikunjo ya uso. Ugbad alinyoosha mkono wenye bomba la dripu, akamgusa bega. "Ayeeyo, usilie," akamwambia bibi yake. "Mimi nilikuwa naipenda."

Ndipo Sharifo alipoinua uso kwa Naserian, aliyekuwa bado amesimama pale, hajaelewa neno ila machozi. Akamnyooshea kikombe chake. Naserian akasita, kisha akafungua kibuyu akamimina. Kikongwe alikunywa mpaka mwisho, upesi hata maziwa yakamwagika kidevuni, akakirudisha kikombe.

"Mume wako," akasema kwa Kiswahili. "Iko wapi?"

*

Ugbad aliruhusiwa siku ya soko. Dubow alikuwa amekodi gari, akataka waende moja kwa moja Kitengela, barafu isiyeyuke kwenye chombo cha dawa. Sharifo, aliyeketi mbele, alimwambia dereva akate kuelekea soko la mifugo.

"Hooyo, pale ni wanaume na mavumbi," Dubow akasema. "Nimesema nitazungumza naye mwenyewe."

"Lini?"

Dereva akakata kona.

Soko lilikuwa limejaa. Kikongwe wa Kisomali kuingia kati ya mbuzi na madalali na fimbo lilikuwa jambo la kutazamwa, na walimtazama. Alitembea mbele kwa mkongojo wake, Khadra akimshika kiwiko kimoja, Ugbad amebaki garini na kioo wazi. Saning'o alikuwa akimbeba beberu kumpandisha kwenye lori. Alipowaona alimweka chini.

Sharifo alisimama mbele yake. Wachuuzi waliokuwa wakibishana bei walinyamaza, nusu kwa heshima na nusu kwa hamu ya kusikia.

"Wewe hapana iba," akasema kwa sauti kubwa kuliko Khadra alivyowahi kumsikia. "Mimi ndio nakula betri. Mimi. Mzee hajui stima. Hawa watu yote nasikia: huyu hapana mwizi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Saning'o akainamisha kichwa, vile mtoto wa Kimaasai huinama mbele ya mama wa rika la mama yake ili aguswe kichwa, ijapokuwa alikuwa baba mwenyewe. Sharifo hakujua anatakiwa kufanya nini. Khadra alimsukuma mkono taratibu, na ule mkono ukatua kichwani pa Saning'o, ukakaa hapo.

"Nimesikia, mama," Saning'o akasema. "Mtoto ako aje?"

"Napona."

Dubow alisogea wakati huo, amefarijika, mkono mbele. "Basi, ndugu yangu, mambo imeisha. Kazi yako iko. Rudi hata leo."

Saning'o hakuupokea mkono. "Mama amesema yake," akasema. "Yako bado."

Dubow aliangalia huku na huku. Walikuwa watu wake wote: aliowauzia, alionunua kwao, waliomwita haji kwa utani ingawa hajawahi kufika Maka. Hao ndio aliowasimulia hadithi ya simu nne. Khadra alikuwa mke mwema kwa kipimo chochote, na miaka yote ya ndoa alikuwa amefanya kazi ya kumfunika mumewe mbele za watu. Sasa alisimama na mikono chini, akimwombea kwa moyo wote afunuke.

"Nilikosa," Dubow akasema.

"Hao hawajasikia."

Mbuzi mmoja akalia, mwingine akamjibu. Dubow alivua kofia yake, hakuna aliyejua kwa nini, labda hata yeye.

"Nilikosa!" akasema, na sauti ikapasuka. "Huyu mtu nilimsingizia. Hakuguza kitu yangu. Nilimwita mwizi mbele ya watu na sikuenda hata kuuliza kinyozi. Nilikosa."

Saning'o alisikiliza mpaka mwisho. Akaitika kwa kichwa mara moja, akaupokea ule mkono, akauachilia. Kisha akainama, akambeba beberu wake tena, akampandisha kwenye lori, akarudi kuchukua mwingine.

"Utarudi lini?" Dubow akauliza nyuma yake.

"Mimi sirudi," Saning'o akasema bila hasira. "Lakini sasa naweza kukataa."

Dubow alibaki ameshika kofia. Khadra alimwacha asimame hapo kidogo, kisha akaenda akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu, wakarudi wote watatu garini, ambako Ugbad alikuwa amekipakata chombo cha dawa, viganja vyake vimekuwa baridi.